Idi Amin: Msee Aliyeona Adui Kila Kona

Idi Amin alishika Uganda kwa mapinduzi ya 1971, akamng'oa Milton Obote. Ngori ni kwamba Obote alihepea Tanzania kwa beshte yake Nyerere. 1972 wapiganaji wa Obote wakajaribu kurudi kupitia huko, wakachapwa. Tangu hapo Amin hakuwahi kumuamini Nyerere.

1976 Waisraeli wakaokoa mateka Entebbe, ndege zao zikajaza mafuta Nairobi zikirudi. Hasira ikashukia Wakenya waliokuwa Uganda, wengi wakauawa.

Oktoba 1978, wanajeshi wake wenyewe wakianza kumgeuka, akavamia Kagera. Hapo alijichoma. Aprili 1979 Watanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni waliteka Kampala. Amin akachomoka hadi Libya, akafia Saudia 2003. Adui aliyemuogopa, alimuita mwenyewe.