Duke wa Marlborough na Binti Zake



Ukifika Woodstock, karibu na Oxford, utaona jumba kubwa liitwalo Blenheim Palace. Si la mfalme. Lilijengwa kwa ajili ya mwanajeshi, John Churchill, aliyezaliwa Devon mwaka 1650. Baba yake alikuwa upande wa mfalme katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Upande huo ulishindwa, akatozwa faini, na John akakulia katika nyumba yenye jina lakini isiyo na kitu.

John alipelekwa kumtumikia ndugu wa mfalme, akaingia jeshini, akamwoa Sarah Jennings. Sarah na binti mfalme Anne walikuwa chanda na pete. Anne alipokuwa malkia mwaka 1702, alimpa John cheo cha Duke wa Marlborough.

Sasa sikilizeni vizuri. Cheo cha namna hii hurithiwa, na kwa kawaida huenda kwa mtoto wa kiume. Binti hapati, hata awe mkubwa kuliko kaka yake. Pasipokuwa na mrithi wa kiume, cheo hufa.

John na Sarah walikuwa na mabinti wanne na kijana mmoja tu aliyebaki, naye akiitwa John. Alikuwa akisoma Cambridge. Mwezi Februari 1703, miezi miwili tu baada ya baba kupewa cheo, alishikwa na ndui. Malkia alipeleka madaktari wake mwenyewe, lakini wapi! Alifariki akiwa na miaka 17. Mimi ni muuguzi na sijawahi kuona mgonjwa wa ndui, kwa sababu chanjo iliimaliza. Mtu wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa Merca, Somalia, mwaka 1977. Wakati wa John chanjo haikuwepo, kwa tajiri wala maskini.

Mwaka uliofuata, tarehe 13 Agosti 1704, baba huyu mfiwa, akishirikiana na Eugene wa Savoy, aliwashinda Wafaransa na Wabavaria huko Blenheim, kando ya mto Danube. Malkia akampa ardhi ya Woodstock. Lakini nani angeirithi pamoja na cheo? Mwaka 1706 Bunge lilipitisha sheria ya pekee: cheo kiende kwa mabinti zake na uzao wao.

Baadaye Sarah aligombana na malkia, na wote wawili wakapoteza kazi. John alifariki mwaka 1722, na Henrietta, binti mkubwa, akashika cheo kwa haki yake mwenyewe. Mwanawe William alimtangulia kaburini mwaka 1731. Henrietta alipofariki mwaka 1733, cheo kikaenda kwa Charles Spencer, mtoto wa marehemu mdogo wake, Anne.

Kwa hiyo jina likawa Spencer, na mwaka 1817 ndipo ukoo ulipoongeza tena Churchill. Winston Churchill alizaliwa katika jumba hilo mwaka 1874, akiwa mjukuu wa Duke wa saba. Na Diana, ambaye wazazi mnamkumbuka, alitokana na mdogo wake Charles.

Ardhi ile bado inalipiwa kodi, nayo ni bendera moja yenye maua ya yungiyungi ya Ufaransa, inayopelekwa Windsor kila tarehe 13 Agosti.