Bwana Röntgen na Mifupa ya Mkono
Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kigombe. Asubuhi moja, maji yakiwa yamekupwa, niliruka kutoka katika ngalawa ya mjomba, nikateleza juu ya jiwe lenye mwani, nikajikinga kwa mkono wa kulia. Muda si muda mkono ulivimba juu ya kifundo, ukapinda mfano wa uma uliolazwa kifudifudi. Bibi alitaka nipelekwe kwa mzee anayekanda mifupa, lakini mjomba hakukubali. Muuguzi wa zahanati aliutazama mara moja tu, akatuambia mfupa umevunjika, akanifunga gango, nasi tukapanda gari la kwenda mjini.

Tulifika hospitali saa nne. Mlangoni muuguzi mwingine naye alisema mkono umevunjika na kwamba lazima upigwe picha ya eksirei. Lakini yeye hakuwa na ruhusa ya kuandika karatasi ya picha. Ilikuwa lazima nimngoje daktari. Nikangoja mpaka saa nane. Daktari alinitazama kwa muda usiotosha kunywa kikombe cha maji, akaandika karatasi. Nikapanga foleni ya picha. Picha yenyewe ilichukuliwa kufumba na kufumbua. Kisha nikarudi kule kule kwenye benchi, nikamngoja daktari yule yule aisome, na hogo nilifungwa jua likiwa linatua. Sitaki kumlaumu mtu, maana watu walikuwa wengi na daktari alikuwa peke yake.

Katika kungoja huko ndipo nilipojiuliza ni nani aliyeivumbua picha hii. Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa Fizikia, naye akanipa vitabu. Hayo niliyoyasoma ndiyo ninayowaandikia wasomaji wa gazeti letu.

Wilhelm Conrad Röntgen alizaliwa tarehe 27 Machi, 1845, katika mji wa Lennep, nchi ya Wadachi. Baba yake alikuwa mfanya biashara wa nguo, na mama yake alikuwa Mholanzi. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka 3 walihamia Uholanzi, na huko ndiko alikokulia.

Nawaomba wenzangu waisome vizuri sehemu hii, maana yatuhusu. Röntgen alipokuwa akisoma shule ya ufundi mjini Utrecht, mwanafunzi mmoja alimchora mwalimu kwa kumdhihaki. Röntgen hakuchora, lakini alimjua aliyechora. Akatakiwa amtaje, akakataa. Basi akafukuzwa shule yeye, asiye na kosa. Mimi nimefikiri sana habari hii usiku bwenini, na bado sijui kama ningeweza kunyamaza hivyo.

Kwa kuwa hakuwa na cheti, milango mingi ilifungwa mbele yake. Mwaka 1865 chuo cha ufundi cha Zürich, katika Uswisi, kilimpokea kwa mtihani wake chenyewe, na mwaka 1869 akapata shahada ya udaktari wa falsafa. Huko Zürich alikutana na Anna Bertha, binti wa mwenye mkahawa, wakaoana mwaka 1872. Chuo Kikuu cha Würzburg kilimkatalia ruhusa ya kufundisha kwa sababu ya cheti kile kile alichokikosa. Mwaka 1888 chuo hicho hicho kilimwita awe profesa, na mwaka 1894 akawa mkuu wake. Nadhani alicheka kimoyomoyo.

Wakati huo pwani yetu ilikuwa chini ya Wadachi, na reli ya kutoka Tanga ilikuwa imeanza kujengwa tangu mwaka 1893.

Jioni ya tarehe 8 Novemba, 1895, Röntgen alikuwa peke yake katika chumba chake cha majaribio. Alikuwa akipitisha umeme katika chupa ya kioo iliyoondolewa karibu hewa yote, naye alikuwa ameifunika kwa karatasi nene nyeusi ili nuru isitoke. Mara akaona kibao kilichopakwa dawa ya bariamu kinang'aa gizani mbali na chupa. Nuru haikuweza kupita katika karatasi ile, kwa hiyo kitu kingine ndicho kilichopita. Kwa majuma kadhaa alijifungia mle, akila na kulala humo humo. Aliweka mbao, vitabu na madini mbele ya mionzi ile, akaona kwamba hupita katika vitu vyepesi na huzuiwa na vizito kama risasi. Kwa kuwa hakujua ni mionzi gani, aliipa herufi X, ile ile tuitumiayo katika aljebra.

Tarehe 22 Desemba alimwita mkewe, akamwambia aweke mkono juu ya bamba la picha, akae hivyo kwa dakika 15 hivi. Ilipotokea picha, bibi yule aliona mifupa yake mwenyewe na pete ikining'inia kidoleni, akashikwa na hofu kana kwamba ameyaona mauti yake. Mimi nilipoiona ya kwangu nilifurahi. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha ngoja mchana kutwa.

Habari ilienea upesi mno. Kabla ya hapo madaktari walitegemea macho na vidole tu. Abraham Colles wa Dublin alikuwa ameeleza mwaka 1814 namna mfupa huu huu wa juu ya kifundo unavyovunjika, pasipo picha yo yote, na mpaka leo mvunjiko huo waitwa kwa jina lake. Lakini tarehe 3 Februari, 1896, miezi mitatu tu baada ya jioni ile ya Würzburg, mvulana Eddie McCarthy wa Hanover, Marekani, aliyevunjika kifundo cha mkono akiteleza juu ya barafu, alipigwa picha katika chuo cha Dartmouth. Alikaa dakika 20 mbele ya chupa, na mvunjiko ukaonekana. Mwaka 1898, katika vita vya Sudan, daktari wa jeshi la Waingereza aliwapiga picha majeruhi kando ya mto Nile, na umeme aliupata kwa askari waliokanyaga baiskeli.

Hapo ndipo moyo wangu unapokwama. Dakika 20 za Eddie leo zimekuwa chini ya sekunde moja, na saa zote zilizobaki ni za benchi. Mashine ni nyepesi, karatasi ndiyo nzito. Nimesoma kwamba Uingereza na Australia muuguzi aliyefundishwa huweza kumpeleka mgonjwa wa namna yangu moja kwa moja kwenye picha, hata amfikiapo daktari anayo mkononi. Madaktari wa Uholanzi nao wametunga kanuni za kuamua ni mkono gani upigwe picha: hutazama uvimbe, kupinda, maumivu ukibonyezwa, na mengineyo, maana si kila mkono unaouma umevunjika. Hapa kwetu, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua idara ya dharura mwaka 2010, ambamo mgonjwa hupangwa mlangoni kwa uzito wa hali yake. Wale wauguzi wangu wawili waliujua ukweli kwa kutazama tu. Ningependa sana mmoja wao angepewa kalamu.

Röntgen alikuwa mtu wa kwanza kupewa tuzo ya Nobel ya Fizikia, mwaka 1901, na fedha yake akaiacha kwa chuo cha Würzburg. Hakutaka hakimiliki juu ya uvumbuzi wake, ili kila mtu autumie. Walipotaka kumpa cheo cha kikabaila alikikataa. Mkewe alikufa mwaka 1919 baada ya kuugua muda mrefu, na katika miaka ile thamani ya fedha ya Wadachi iliporomoka, hata akiba ya mzee ikaisha. Alikufa Munich tarehe 10 Februari, 1923, kwa saratani ya matumbo. Karatasi zake nyingi za kazi zilichomwa moto kwa wasia wake. Amezikwa Giessen, pamoja na mkewe na wazazi wake.