Agatha Christie: Bibi wa Mafumbo Aliyekataa Kulitegua Lake

Mjomba wangu alikitupa kitabu. Hakukiweka, alikitupa, kikaanguka chini ya baraza penye viatu. Mjomba alikuwa karani mstaafu wa bandari hapa Mombasa, mtu mpole ambaye sijapata kumsikia akimpandishia mtu sauti, na usiku ule sote tuliokuwa barazani tulinyamaza kimya.

Kitabu kilikuwa changu. Nilikinunua kwa muuza vitabu vikuukuu wa barabarani, nacho kinaitwa The Murder of Roger Ackroyd, kilichotungwa na bibi wa Kiingereza, Agatha Christie. Mjomba alikuwa amefika kurasa za mwisho, amekwisha mjua muuaji, na alijiona kama mtu aliyetukanwa. Alisema bibi yule amemchezea mchezo usio wa haki. Kwa muda wa siku nane hakutaka hata kusikia kitabu kile kikitajwa.

Siku ya tisa, baada ya sala ya Isha, alinituma nikamletee tena. Akakisoma upya, polepole, penseli mkononi, kama karani anayekagua hati za mzigo uliopotea. Alipomaliza alikuja barazani akaniambia kuwa anatoa mji. Wasomaji wa pwani mwaijua desturi hii: aliyetegewa kitendawili akashindwa hutoa mji, ndipo akateguliwa. Mjomba yeye alikwisha teguliwa, lakini mji aliutoa baadaye kwa adabu, kwa kuwa aligundua ya kwamba kila alichohitaji kukijua kilikuwa kimeandikwa mbele ya macho yake tangu mwanzo. Hakudanganywa. Alijidanganya mwenyewe.

Tangu hapo nimekuwa nikiyafuatia maisha ya marehemu Bi Agatha, na jambo moja limenikaa moyoni. Katika mwaka mmoja, 1926, bibi huyu aliwatia watu katika mafumbo mawili. La kwanza lilikuwa la kitabuni, na jawabu yake aliitoa. La pili lilikuwa la maisha yake, na jawabu yake watu waliidai mpaka akafa. Nataka kueleza kwa nini naona alikuwa na haki katika yote mawili.

Binti wa nyumbani

Agatha alizaliwa tarehe 15 Septemba, 1890, katika mji wa Torquay ulioko pwani ya kusini ya Uingereza. Babake, Frederick Miller, alikuwa Mmarekani, na mamake akiitwa Clara. Mama huyu alikuwa na rai yake kwamba mtoto asifundishwe kusoma kabla ya kutimia miaka minane. Lakini Agatha hakungoja. Alijifundisha mwenyewe angali mdogo, na masomo yake mengi aliyapata nyumbani. Babake alifariki mwaka 1901, akamwacha binti wa miaka 11 na mama ambaye toka siku hiyo alikuwa ndiye kila kitu kwake.

Siku ya kuamkia Krismasi ya mwaka 1914, vita vikuu vya kwanza vikiwa vimekwisha anza, aliolewa na Archie Christie, mwanajeshi wa anga. Mume alikwenda vitani, naye mke akafanya kazi hospitalini Torquay, kwanza ya uuguzi, kisha ya kupima na kuchanganya dawa. Mwaka 1917 alifaulu mtihani wa kazi hiyo. Hapo ndipo alipozijua sumu, kipimo chake na namna zinavyoua, na ndiyo sababu watu wengi katika vitabu vyake hufa kwa sumu kuliko kwa risasi.

Dada yake Madge aliwahi kumwambia kuwa hadithi ya upelelezi hataiweza. Agatha akaandika. Wachapishaji kadha waliikataa, hata mwisho ikatoka mwaka 1920, nayo ndiyo The Mysterious Affair at Styles. Ndani yake alizaliwa Hercule Poirot, mpelelezi mfupi wa Kibelgiji mwenye masharubu yaliyotunzwa, aliyebuniwa kwa kuwaona wakimbizi Wabelgiji waliokuja Torquay wakati wa vita.

Kitabu kilichogombanisha watu

Kisha ukafika mwaka 1926 na kitabu kile kilichotupwa na mjomba wangu. Msomaji asiwe na hofu, jina la muuaji silitaji. Nasema hili tu: Bi Agatha alimficha mtu wake mahali ambapo kila msomaji alikuwa akipatazama, lakini hakuna aliyefikiri kupashuku.

Uingereza kukazuka makundi mawili. Wako waliosema kuwa mwandishi amevunja mkataba baina yake na msomaji, na kwamba hila ile haifai. Wako waliovua kofia. Miongoni mwa waliomtetea alikuwa Dorothy Sayers, mwandishi mwenzake wa hadithi za upelelezi, ambaye hoja yake ilikuwa nyepesi: ni wajibu wa msomaji kumshuku kila mtu.

Nami nauona ukweli wa hoja hiyo kila nikikumbuka penseli ya mjomba. Hadithi inapopinduka mwishoni, hasira yetu ya kwanza humwangukia mwandishi, kwa sababu ni uchungu kukiri kwamba tuliamini bila kuulizwa. Mwandishi mbaya huficha jambo kisha akalitoa mfukoni mwishoni, na huyo ndiye mdanganyifu. Mwandishi mwema huliweka mezani na kutuacha tupite. Ukikisoma kitabu chake mara ya pili, hukuti neno moja la uongo.

Ugomvi ule haukwisha. Mwaka 1944 mhakiki wa Kimarekani, Edmund Wilson, aliandika makala ya kuzidharau hadithi za upelelezi. Wasomaji wakammiminia barua za hasira, naye mwezi Januari 1945 akawajibu kwa makala nyingine ambayo anwani yake iliuliza ni nani anayejali aliyemuua Roger Ackroyd. Jawabu ilikuja polepole. Mwaka 1998 profesa wa Kifaransa, Pierre Bayard, alitoa kitabu kizima cha kujenga hoja kwamba Poirot alikosea na muuaji ni mtu mwingine. Na mwaka 2013 waandishi wa hadithi za uhalifu wa Uingereza walipiga kura, wakakichagua kitabu hicho kuwa bora kuliko vyote vya aina yake. Miaka 87 ilikuwa imepita.

Siku kumi na moja

Sasa nije kwenye fumbo la pili. Mwezi Aprili mwaka huo huo wa 1926 Bi Clara alifariki, na bintiye akavunjika moyo. Miezi michache baadaye Archie akamwambia kuwa anampenda mwanamke mwingine, aitwaye Nancy Neele, na anataka talaka. Usiku wa tarehe 3 Desemba, Agatha alimwacha mtoto wake wa pekee, Rosalind, aliyekuwa na miaka saba, akatoka na gari lake. Asubuhi yake gari lilikutwa limeachwa mahali paitwapo Newlands Corner, katika wilaya ya Surrey. Ndani mlikuwa na koti lake la manyoya. Mwenyewe hayupo.

Nchi nzima ikageuka kuwa msomaji wa riwaya. Askari na maelfu ya raia walipekua misitu na mabwawa, na ndege zikatumika kutafuta. Magazeti kila siku yalikuwa na dhana mpya: amejiua, ameuawa, mumewe ndiye. Arthur Conan Doyle, mtungaji wa Sherlock Holmes, alichukua glavu ya Bi Agatha akampelekea mtu aliyedai kuwa na uwezo wa kuwasiliana na mizimu. Sayers naye alikwenda kupatazama mahali penyewe.

Tarehe 14 Desemba akapatikana. Alikuwa mji wa Harrogate, kaskazini, katika hoteli ya watu wanaokwenda kupumzika na kuoga maji ya dawa. Wapiga muziki wa hoteli ndio waliomtambua. Katika daftari la wageni alijiandikisha kuwa ametoka Cape Town, na jina la ukoo alilolitumia ni Neele, jina la yule aliyemnyang'anya mume. Archie alitangaza kuwa mkewe amepoteza kumbukumbu, na madaktari wawili wakaliunga mkono neno hilo.

Ungedhani watu wangeshukuru kuwa yu hai. La, wengi walikasirika. Walisema ni hila ya kuuza vitabu, wakauliza gharama za msako atalipa nani. Walikuwa wameahidiwa maiti au muuaji, wakapewa mama mgonjwa aliyechoka. Ni ile ile hasira ya mjomba wangu, ila safari hii aliyetupwa chini si kitabu, ni mtu.

Hapo ndipo walipokosea. Mwandishi wa kitabu ana deni kwa msomaji wake. Akitega, sharti ategue. Lakini mwanamke aliyefiwa na mama na kuachwa na mume hakumtegea mtu kitendawili. Hana deni. Dini yetu imetukanya tusidhaniane vibaya wala tusipeleleze aibu za watu, na sisi wa pwani tuna neno zuri la kumfunika mtu katika siku yake mbaya: sitara. Bi Agatha hakuwa Muislamu, lakini sitara hiyo alijisitiri mwenyewe. Tawasifu yake iliyotoka mwaka 1977, baada ya kufa kwake, inaeleza huzuni za mwaka ule, lakini zile siku kumi na moja hazimo.

Baghdad

Walipoachana na Archie mwaka 1928, alipanda treni ya Orient Express peke yake, akapita Istanbul na Damascus, akavuka jangwa hadi Baghdad. Zilikuwa nchi zile zile zilizotuletea tende kwa majahazi ya kaskazi, yakashusha Bandari ya Kale. Alikwenda kutazama machimbo ya mji wa kale wa Ur, na aliporudi huko mwaka 1930 alikutana na Max Mallowan, mwanachuoni wa mambo ya kale, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka 14. Wakaoana mwaka huo huo, na ndoa ikadumu mpaka kifo. Miaka ya baada ya vita vya pili alishiriki machimbo ya Nimrud, karibu na Mosul, akisafisha pembe za ndovu zilizochongwa zamani kwa krimu yake ya uso.

Kutokana na safari hizo tulipata Murder on the Orient Express mwaka 1934 na Death on the Nile mwaka 1937. Na siri aliendelea kuzipenda, maana aliandika riwaya sita za mambo ya moyo kwa jina la Mary Westmacott, na karibu miaka 20 ilipita kabla ya watu kujua kuwa ni yeye.

Amana

Mwaka 1952 mchezo wake The Mousetrap ulianza kuonyeshwa London, ukaendelea mfululizo hadi Machi 2020, uliposimamishwa na korona, kisha ukaanza tena 2021. Kila onyesho likiisha, mchezaji mmoja huwaomba watazamaji wasimtaje muuaji huko nje. Mamilioni ya watu wameipokea amana hiyo. Mwaka 2010, ensaiklopidia ya intaneti ilipokuwa ikiutoa mwisho huo hadharani, mjukuu wake Mathew Prichard alisikitika waziwazi.

Poirot naye alipofishwa katika kitabu Curtain, mwaka 1975, gazeti la New York Times lilimwandikia taazia ukurasa wa kwanza kana kwamba ni binadamu. Aliyemuumba alimfuata tarehe 12 Januari, 1976, akiwa na umri wa miaka 85.

Mjomba wangu pia amekwisha tangulia. Katika vitu vyake nilikikuta kile kitabu, pembeni mwa kurasa mna alama za penseli, kila mahali ambapo ukweli ulimpita. Jina la muuaji hakuliandika popote. Alimsitiri, ili nitakayempa kitabu baada yake naye apate nafasi ya kukitupa.