Barua ya kijana wa Texas

Wiki hii naomba nikupeleke mbali kidogo, Texas huko Marekani, kwa profesa wa historia aliyeitwa Walter Prescott Webb. Alizaliwa mwaka 1888, akafariki kwa ajali ya gari mwaka 1963. Nilipokuwa chuo kikuu nilimjua kwa vitabu vyake tu. Habari ya barua zake nimeipata baadaye, nikiwa tayari nafundisha, nayo ndiyo iliyonigusa.

Webb alikulia katika shamba kame la magharibi mwa Texas. Baba yake alikuwa mkulima na mwalimu wa shule za vijijini, hali ikiwa duni. Mwaka 1904, akiwa na miaka 16, aliliandikia jarida la The Sunny South la Atlanta, akiuliza mtu afanye nini ili awe mwandishi. Barua ikachapishwa. Huko New York ikasomwa na William Hinds, mfanyabiashara wa vitu vya kuchezea watoto, ambaye hakuwa na mke. Hinds akamjibu, akaanza kumtumia vitabu na majarida, na Webb alipoingia Chuo Kikuu cha Texas mwaka 1909 akamsaidia pesa za masomo. Hinds alifariki mwaka 1912, kijana hajamaliza shahada. Hawakuwahi kuonana hata siku moja.

Ukame ule wa utotoni ndio uliozaa kitabu chake kikubwa, The Great Plains, cha mwaka 1931. Humo alieleza jinsi walowezi waliotoka nchi za misitu na mvua walivyobadili maisha walipofika kwenye tambarare zisizo na miti: bastola, seng'enge, na vinu vya upepo vya kuvuta maji. Sitaki kumpamba. Kitabu chake cha 1935 juu ya askari wa Texas Rangers kiliwatukuza mno askari hao na kuwadunisha Wamexico, na Américo Paredes alimkosoa waziwazi mwaka 1958.

Mwaka huo huo Webb alikuwa rais wa chama cha wanahistoria wa Marekani. Karatasi zake zimehifadhiwa chuoni kwake, Austin. Lakini pamoja na heshima yote hiyo, mwaka 1961 mzee huyu alichapisha makala katika jarida la Harper's akimtafuta Hinds, marehemu wa karibu miaka 50: alikuwa mtu gani hasa, na kwa nini alimjali mtoto wa watu asiyemjua?

Nami nililipiwa ada ya kidato cha tano na cha sita na mtu aliyeomba jina lake lisitajwe. Karani wa shule alininong'oneza jina hilo siku ya kuondoka. Nilikusudia kumwandikia. Nilipokwenda hatimaye kumuulizia, baada ya miaka 11, wanawe walinikaribisha vizuri, wakanionesha kaburi.