Bach, Mwanamuziki wa Kanisa

Huenda umeona wanakwaya wakisali kabla ya kuimba. Zamani huko Ujerumani alikuwapo mwanamuziki wa kanisa aliyeandika sala yake juu ya karatasi ileile ya muziki. Jina lake Johann Sebastian Bach.

Bach alizaliwa mwaka 1685 katika mji wa Eisenach. Alipokuwa na umri wa miaka tisa, mama yake alifariki. Mwaka haujaisha, baba naye akafariki. Bach akalelewa na kaka yake mkubwa, mpiga kinanda wa kanisa, ambaye pia alimfundisha kazi hiyo.

Alipoanza kutunga wimbo wa kanisa, mara nyingi Bach aliandika juu ya karatasi herufi J.J. Kwa herufi hizo alimwomba Yesu amsaidie. Alipomaliza aliandika S.D.G., maana yake sifa ni za Mungu peke yake. Mwezi Januari 1720 alianza kumwandikia mwanawe wa miaka tisa daftari la kujifunzia kinanda. Hata zoezi la vidole aliliandikia juu kwamba linafanywa kwa jina la Yesu.

Mwaka huohuo alisafiri na mtawala aliyemwajiri. Aliporudi mwezi Julai alikuta mke wake, Maria Barbara, amekwisha kufa na kuzikwa. Alimwacha mzima. Fikiri, msomaji, mtu huyo anarudije kwenye kinanda! Lakini alirudi. Baadaye alioa tena. Katika maisha yake alipata watoto ishirini, na kumi tu ndio waliokua wakawa watu wazima.

Tusimfanye malaika. Bach alikuwa mkaidi. Mwaka 1717 alifungwa karibu wiki nne kwa kushikilia kwamba lazima aache kazi kwa bwana wake.

Mwaka 1723 alikwenda kufanya kazi Leipzig. Usidhani kwamba akishasali alikaa akingoja. Miaka ya kwanza alitunga muziki mpya karibu kila Jumapili, wa waimbaji na wapiga vyombo pamoja. Kila mtu alihitaji karatasi yake, na zote zilinakiliwa kwa mkono. Mke wake, watoto na wanafunzi walisaidia kunakili. Jumapili ikapita, kazi ikaanza upya.

Bach alikuwa na Biblia yenye maelezo, vitabu vitatu vikubwa. Aliisoma akiwa na kalamu mkononi. Katika Mambo ya Nyakati cha Pili, sura ya 5, waimbaji na wapiga tarumbeta wanamsifu Mungu, na wingu linajaza hekalu. Hapo Bach aliandika pembeni kwamba muziki ukifanywa kwa ibada, Mungu yupo na neema yake. Biblia hiyo ilionekana tena Marekani mwaka 1934.

Uzeeni macho yake yaliharibika. Mwaka 1750 daktari Mwingereza alimpasua macho mara mbili, lakini hakupona. Akawa kipofu. Waliochapa kitabu chake cha mwisho walisimulia kwamba, katika giza hilo, alimtajia rafiki yake noti za wimbo mmoja wa kanisa, naye rafiki akaziandika. Ulikuwa wimbo wa kumwomba Mungu wakati wa shida kubwa.

Bach alifariki tarehe 28 Julai 1750, akiwa na umri wa miaka 65.