Von Lettow-Vorbeck: Jenerali Asiyeshindwa na Watu Wasiohesabiwa



Ukitafuta mtandaoni jina la Paul von Lettow-Vorbeck, utakuta sifa tupu: Simba wa Afrika, jenerali asiyeshindwa. Lakini vita yake ilipiganwa kwenye ardhi yetu, hadi huku Ngara na Biharamulo. Basi tumtazame vizuri, kwa macho ya Kikristo.

Alizaliwa 20 Machi 1870 mjini Saarlouis, Ujerumani, katika familia ya kijeshi. Mwaka 1900 alipelekwa China kuzima uasi. Mwaka 1904 akaenda Namibia ya leo, akatumika chini ya Jenerali Lothar von Trotha, yule aliyeamuru Waherero waangamizwe. Huko akajeruhiwa jicho.

Januari 1914 akafika Dar es Salaam. Vita ilipolipuka Agosti, Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni libaki nje ya mapigano. Lettow akakataa. Alijua fika kwamba hawezi kuwashinda Waingereza. Shabaha yake ilikuwa kuwavuta askari wao wengi waje huku, ili wasipelekwe Ulaya.

Na kweli jamaa alikuwa hodari. Novemba 1914 Waingereza walishusha Tanga askari wapatao 8,000 kutoka India; yeye alikuwa na kama 1,000 tu, akawarudisha baharini. Juni 1915 Waingereza wakavuka ziwa na kuishambulia Bukoba. Mwaka 1916 wakamjia kutoka Kenya, na Wabelgiji wakaingia kutoka Rwanda na Burundi, wakapita pande zetu hizi, wakaitwaa Tabora mwezi Septemba. Lettow akawa anapigana huku anarudi nyuma kuelekea kusini. Oktoba 1917 akawaumiza sana Waingereza pale Mahiwa, Lindi. Novemba akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Alikuja kuweka silaha chini 25 Novemba 1918 huko Mbala, Zambia, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Berlin ikampokea kama shujaa.

Hapo ndipo hadithi za mtandaoni huishia. Sasa hebu tujiulize: jeshi hilo lilikula nini miaka minne, na nani alibeba mizigo?

Hapakuwa na magari ya kutosha, na farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Mizigo ilibebwa vichwani. Pande zote mbili zilichukua wanaume vijijini kwa nguvu, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, kuhara, malaria na uchovu. Chakula kilichukuliwa maghalani. Ugogo ikaingia kwenye njaa kali iliyoitwa Mtunya. Kisha mafua ya mwaka 1918 yakawakuta watu wamekwisha dhoofika.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Yesu anamtaja mfalme anayeketi kwanza na kupiga hesabu kabla ya kwenda vitani. Lettow alipiga hesabu kweli, tena kwa akili nyingi. Ila katika hesabu yake mpagazi alikuwa mgongo wa kubebea, na kijiji kilikuwa ghala. Kanisa linafundisha kwamba mtu hawezi kugeuzwa chombo cha kufikia lengo la mwingine, na kwamba hata mwenye haki ya kupigana lazima apime madhara yatakayotokea. Mkulima wa Ugogo alikuwa na ugomvi gani na Ufaransa? Hakuna.

Baadaye Lettow alishiriki jaribio la mapinduzi la mwaka 1920 na kupoteza cheo chake. Aliketi bungeni, na katika Vita ya Pili wanawe wawili wakauawa. Mwaka 1953 alirudi Dar es Salaam, akakutana na askari wake wa zamani. Alifariki Hamburg, 9 Machi 1964. Kumhukumu ni kazi ya Mungu; sisi tumwombee naye pia.

Ila, kijana mwenzangu, usikubali kipaji kikufanye usahau kuuliza kinamtumikia nani. Unaweza kuwa kiongozi wa kwaya, wa VIWAWA, au bosi wa kesho, ukashinda kila kitu huku wengine wanaanguka chini ya mzigo wako. Kabla ya kulala leo, jiulize: nani ananibebea, na je, namwona?

Na Novemba ikifika, mwezi wa marehemu, tupeleke nia moja Misani kwa ajili ya wapagazi waliokufa njiani bila kaburi wala jina. Mungu anawajua wote.