Ronald Ngala: Mtetezi wa Majimbo na Kampuni ya Umeme

Hayati Ronald Gideon Ngala hukumbukwa zaidi kwa siasa za majimbo. Wapenzi wa Kiswahili wana sababu nyingine ya kumkumbuka, kwani ndiye mwandishi wa Nchi na Desturi za Wagiriama, kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1949. Sehemu ya maisha yake isiyozungumzwa sana ni ile miaka mitatu ya mwisho, alipokuwa Waziri wa Nguvu za Umeme na Mawasiliano.

Alizaliwa mwaka wa 1923 katika nchi ya Wagiriama. Alisoma Alliance High School, kisha akapata mafunzo ya ualimu Makerere. Ualimu ulimfikisha Mbale katika milima ya Taita, na baadaye katika Shule ya Buxton mjini Mombasa. Katika uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza kwa Waafrika wa Kenya kujichagulia wajumbe, alikipata kiti cha Pwani. Miongoni mwa aliowashinda ni Jimmy Jeremiah, Mtaita aliyekuwa ameketi barazani kwa kuteuliwa. Mwaka wa 1960 akawa rais wa KADU, na mwaka uliofuata Kiongozi wa Shughuli za Serikali. Hoja yake ilikuwa moja: mamlaka yasirundikwe Nairobi. KADU ilivunjwa Novemba 1964, naye akaingia KANU.

Umeme ulikuwa umekwisha kurundikwa hapo hapo Nairobi. Kampuni ya East African Power and Lighting ilizaliwa mwaka wa 1922 kwa kuunganishwa kampuni ya Nairobi na ile ya Mombasa. Mwaka wa 1932 ilijipatia hisa za kuitawala kampuni ya umeme ya Tanganyika, na mwaka wa 1936 ikapata leseni za Uganda. Ikawa kampuni mama yenye mikono katika nchi tatu, ilhali kila serikali ilikuwa na uwezo juu ya mkono mmoja tu. Tatizo hilo halikuwa la Afrika Mashariki pekee. Marekani ilitunga sheria mwaka wa 1935 ili kuzivunja kampuni mama za umeme zilizotanda katika majimbo mengi kiasi cha kumshinda kila mdhibiti. Huku kwetu mikono ilikatwa mmoja mmoja: Uganda ilianzisha bodi yake mwaka wa 1948, na Tanzania ikanunua hisa mwaka wa 1964.

Kenya ilibaki na kiwiliwili. Waziri wa kwanza wa Ujenzi, Mawasiliano na Nguvu za Umeme, mwaka wa 1963, alikuwa Mtaita, Dawson Mwanyumba. Ngala alikabidhiwa umeme baada ya uchaguzi wa 1969, na mwaka wa 1970 serikali ikapata hisa za kuitawala kampuni. Haingefaa kumpa Ngala sifa hiyo peke yake, maana fedha zilikuwa za Hazina na uamuzi ulikuwa wa serikali nzima. Hata hivyo, ni kinaya kikubwa kwamba mtetezi wa majimbo ndiye aliyekuwa wizarani wakati umeme wa nchi ulipotiwa katika mkono mmoja wa serikali kuu.

Na mkono huo sasa ulikuwa na kazi mbili. Kwa mujibu wa sheria ya umeme waziri ndiye aliyetoa leseni. Kwa hisa zile, serikali ile ile ilikuwa ndiyo mwenye mali. Nani angemhoji mwenye mali? Bodi ya udhibiti iliyo kando ya wizara haikuundwa hadi sheria ya mwaka wa 1997. Waya za msongo mkubwa kati ya Mombasa na Nairobi hupita Voi, lakini kwa miaka mingi vijiji vingi vya Taita Taveta vilizitazama zikipita juu huku vikiwasha koroboi.

Disemba 1972 gari la Ngala lilipata ajali Konza, katika barabara ya Mombasa na Nairobi, ile ile inayopita Voi. Alifariki siku ya Krismasi.